Kusoma Kalenda ya Anga Ukiwa Karibu na Ikweta: Mwongozo Kamili wa Matukio ya Usiku, Agosti 2026 hadi Aprili 2029

Kalenda nyingi za matukio ya anga zinazotufikia zimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, kwa ajili ya wenzao wanaoishi kati ya nyuzi 35 na 55 kaskazini mwa ikweta. Tarehe zilizomo ni sahihi, lakini maelezo yanayozifuata mara nyingi si ya anga letu. Kundi la nyota ambalo msomaji wa London haambiwi kabisa, kwa kuwa halichomozi kwake, huenda kwetu likawa juu kabisa. Na kile anachoahidiwa kukiona usiku kucha huenda kwetu kikachungulia kaskazini kwa muda mfupi, kisha kikazama.

Somo hili nililipata kwa kukesha. Mwaka wa kwanza nilipoanza kutazama vimondo nilitandika mkeka usiku mmoja wa Agosti nikisubiri vimondo vya Perseidi, ambavyo kalenda ilisema hufikia 100 kwa saa. Hadi alfajiri nilikuwa nimehesabu 30 na kidogo, nami nikadhani macho yangu yana kasoro. Macho hayakuwa na kasoro. Idadi ile ilikuwa ya mtu ambaye vimondo vinamtokea utosini, ilhali mimi vilikuwa vinanitokea karibu na upeo wa macho. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na namna ya kuihamisha kalenda kutoka huko ilikoandikwa hadi uwanjani kwako, na ndipo unapoyaingia matukio yenyewe.

Hatua ya kwanza: geuza saa, kisha geuza tarehe

Kalenda za anga hutumia saa ya ulimwengu, inayoandikwa UTC. Tanzania, Kenya na Uganda ziko mbele yake kwa saa 3. Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo kwa saa 2. Oman kwa saa 4. Kwa anayesoma saa kwa Kiswahili kuna njia ya mkato: katika eneo letu la saa 3, punguza 3 kutoka saa ya UTC, na jibu likizidi 12 ondoa 12. Tukio la 16:16 UTC linakuwa 13:16, yaani saa 1:16 usiku. La 21:46 UTC linakuwa 18:46, yaani saa 6:46 usiku. Jibu likiwa chini ya sifuri, ongeza 12: tukio la 02:34 UTC ni saa 11:34 alfajiri.

Kosa kubwa zaidi huwa kwenye tarehe. Tukio lolote linaloandikwa baada ya 21:00 UTC, kwetu tayari ni siku inayofuata kwa hesabu ya kalenda ya ukutani. Kiswahili kina usemi unaoondoa utata huu vizuri kuliko tarehe tupu, nao ni “usiku wa kuamkia”. Andika kila tukio kwa namna hiyo katika daftari lako, na uandike siku ya juma pembeni, kwa mfano “usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi”. Mwenzako uliyemwalika hatakuja usiku usiopasa.

Hatua ya pili: pima kimo cha kitu unachokitafuta

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Kila nyota ina namba inayoitwa deklinesheni, ambayo ni kama latitudo yake angani: ya kaskazini huandikwa kwa alama ya kujumlisha, ya kusini kwa alama ya kutoa. Ili kujua nyota itapanda hadi kimo gani juu ya upeo wa macho, tafuta tofauti kati ya deklinesheni yake na latitudo yako, kisha uitoe katika 90. Dodoma iko nyuzi 6 kusini, Dar es Salaam karibu 7, Mombasa 4, Nairobi kidogo zaidi ya 1, Mtwara 10, na Kampala karibu imo kwenye ikweta yenyewe.

Tuchukue vimondo. Vimondo vya kundi moja huonekana kana kwamba vinatoka katika sehemu moja ya anga, ambayo nitaiita kitovu. Kitovu cha Perseidi kina deklinesheni ya +58. Kutoka Dodoma tofauti ni 58 na 6, yaani 64, kwa hiyo kimo cha juu kabisa ni nyuzi 26. Kitovu cha Jeminidi, vimondo vya Desemba, kiko +33, nacho hupanda hadi nyuzi 51. Kitovu cha Eta Akwaridi, vimondo vya Mei, kiko -1, na kimo chake kinaweza kufika nyuzi 85, karibu utosini, ingawa hufika huko jua likiwa limeshachomoza. Kitovu kikiwa utosini unapata idadi yote iliyotajwa na kalenda, mradi giza ni kamili. Kikiwa nyuzi 50 unapata robo tatu na ushei. Kikiwa 30 unapata nusu. Kikiwa 26 unapata chini ya nusu. Mwanga wa mji huondoa sehemu nyingine kubwa. Ukiwa na hesabu hii mkononi utajua mapema usiku upi unastahili safari na upi unatosha kutazamwa barazani.

Kupima kimo ukiwa nje hakuhitaji chombo. Nyoosha mkono, kunja ngumi, ufumbe jicho moja: upana wa ngumi ni takriban nyuzi 10. Ngumi tano kutoka upeo wa macho ni nyuzi 50. Mwenye simu anaweza pia kutumia programu ya Stellarium, ambayo huonyesha anga la mahali popote kwa saa yoyote. Ila ahakikishe kwanza kwamba ameingiza mji wake mwenyewe, kwa sababu programu iliyoachwa kwenye mji wa kigeni itampotosha vilevile kama kalenda.

Hatua ya tatu: uliza Mwezi yuko wapi

Mwezi mpevu hufuta vimondo vyote isipokuwa ving'aavyo sana, na hufuta pia Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota unaokatiza anga. Kwa kupatwa kwa mwezi hali ni kinyume, kwa kuwa tukio hilo hutokea usiku wa mwezi mpevu tu. Kabla ya kupanga safari ya vimondo, tazama umri wa mwezi: mwezi mchanga wa siku nne au tano huzama kabla ya usiku wa manane na hauna madhara, ilhali mwezi wa siku kumi na nne huharibu usiku mzima. Waislamu wanaofuatilia mwandamo wana hesabu hii kichwani tayari.

Hatua ya nne: majira ya mvua

Wazee wa pwani na bara walikuwa na kalenda ya anga iliyotungwa kwa ajili ya mahali pao, nayo imehifadhiwa katika methali: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kishada kidogo cha nyota kilicho katika kundi la Ng'ombe, na jina lake limetokana na kulima. Kalenda za kigeni hazituambii lolote kuhusu vuli na masika, kwa hiyo kazi hiyo ni yetu.

Kwa mtazamaji wa anga miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo bora katika nyanda za kati za Tanzania: anga ni kavu na nyota zinametameta kidogo. Nairobi na nyanda za juu za Kenya katika miezi hiyo hufunikwa mara nyingi na mawingu mazito ya chini, hivyo aliye huko hana budi kushuka kwenye ukame, upande wa Magadi au Namanga. Aprili na Mei ni masika katika pwani na kaskazini ya Tanzania. Januari na Februari, wakati kaskazi inavuma, pwani na Kenya hupata usiku mwingi wa wazi, ilhali Dodoma na kusini ziko katikati ya mvua zake. Kwa tukio kubwa panga mahali pawili vyenye majira tofauti, na uamue siku moja kabla.

Hatua ya tano: mahali, watu na vifaa

Unahitaji giza, upeo ulio wazi kuelekea upande utakaotazama, na usalama. Kilomita 30 au 40 nje ya mji mkubwa hutosha kwa mengi. Nasisitiza jambo moja ambalo vitabu vya kigeni havilisemi: kabla ya kutandika mkeka katika kiwanja cha kijiji saa 8 usiku, nenda mchana ukamwone mwenyekiti wa kitongoji au mjumbe, au kwa Kenya, mzee wa kijiji. Mgeni aliyelala porini na tochi nyekundu usiku wa manane huleta hofu, na hofu hiyo ina haki. Ukijieleza na kuwakaribisha, utapata watazamaji wenzako, na mara nyingi utapata pia ua wenye uzio, kwani mahali penye fisi na nyoka si pa kulala hovyo.

Vifaa vya lazima ni vichache: mkeka au kitanda cha kamba, kanga nzito au blanketi, dawa ya mbu, daftari na kalamu ya risasi. Tochi ifunikwe kwa karatasi laini nyekundu au kitambaa chekundu, kwa sababu macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na mwanga mweupe wa simu hulivunja zoea hilo mara moja. Vimondo hutazamwa kwa macho matupu. Darubini hupunguza eneo unaloliona na kukukosesha vingi. Kwa sayari na Mwezi, darubini ya macho mawili ya 7×50 au 10×50 (yaani inayokuza mara 7 au 10, yenye lenzi za mbele za upana wa milimita 50) ndiyo ningeinunua kwanza, kabla ya darubini ndogo ya miguu mitatu ya bei rahisi, ambayo kwa kawaida hutikisika kiasi cha kumkatisha mtu tamaa.

Hatua ya sita: tukio baada ya tukio

Agosti 2026 inaanza na Zuhura. Karibu na tarehe 15 Agosti sayari hiyo, inayoonekana magharibi jioni, itakuwa mbali kabisa na Jua, nyuzi 46 hivi. Wasomaji wa Ulaya wataelezwa kwamba iko chini sana, kwa sababu kwao njia ambayo sayari hupita angani imelala karibu na upeo wa macho jioni za miezi hiyo. Kwetu njia hiyo husimama, na Zuhura hudumu angani karibu saa tatu nzima baada ya machweo. Perseidi nao watafikia kilele usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Agosti bila mwezi wowote. Kwa kimo chao kidogo sikushauri safari ndefu kwa ajili yao, lakini aliye Kampala, Lodwar au penginepo kaskazini ya ikweta anaweza kutazama kaskazini kuanzia saa 9 usiku hadi alfajiri na asijute.

Ijumaa tarehe 28 Agosti 2026, kabla ya mapambazuko, Mwezi utaanza kupatwa saa 11:34 alfajiri kwa saa za Tanzania na Kenya, ukiwa chini upande wa magharibi. Kilele kitakuwa saa 1:13 asubuhi, ambapo sehemu ya takriban 93 kwa mia ya kipenyo chake itakuwa imeingia katika kivuli cha Dunia. Hapa longitudo ndiyo inayoamua. Dar es Salaam Mwezi utazama karibu saa 12:25 ukiwa umeliwa nusu. Kigoma, ambako jua huchomoza kwa kuchelewa karibu dakika 40, utaendelea kuliwa hadi karibu na kilele. Watazamaji wa Bujumbura, Kigoma na Uvira watapata fungu kubwa kuliko sisi wa pwani, na wanapaswa kutafuta upeo wa magharibi usiozibwa na milima.

Tarehe 4 Oktoba 2026 sayari ya Zohali itakuwa upande ulio kinyume na Jua, ikichomoza machweo na kupita karibu utosini usiku wa manane. Pete zake, ambazo Machi 2025 zilitugeukia ukingo na kutoweka, zimeanza kufunguka tena. Darubini yenye ukuzaji wa mara 30 inatosha kuziona.

Kisha Desemba, na hapa ndipo ningeomba msomaji aweke nguvu zake. Jeminidi ni vimondo vingi kuliko vyote vya mwaka, hadi 150 kwa saa katika hali kamilifu, navyo hutoka katika vumbi la jiwe la angani linaloitwa Phaethon badala ya kutoka katika nyotamkia. Huingia angani kwa kilomita 35 kwa sekunde, mwendo wa polepole kwa kimondo, ndiyo maana hukupa nafasi ya kumwonyesha mwenzako kabla hakijazimika. Mwaka 2026 mwezi utakuwa mchanga, utazama kabla ya usiku wa manane. Tazama usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu tarehe 14, na usiku unaofuata pia. Kitovu, kilicho karibu na nyota mbili ang'avu za Mapacha, huwa kimo cha juu kati ya saa 8 na saa 9 usiku upande wa kaskazini. Lala ukiwa umeelekeza miguu kaskazini na utazame nusu ya juu ya anga, wala usikazie macho kitovu chenyewe. Chini ya giza zuri la bara mtazamaji wa Dodoma au Singida anaweza kutarajia vimondo kati ya 50 na 80 kwa saa, iwapo mvua itamstahi. Mwaka 2027 mwezi mpevu utawafunika; mwaka 2028 giza litarudi.

Hesabu vimondo kwa vipindi vya dakika 15, ukiandika saa ya kuanza na kumaliza, kiasi cha mawingu, na nyota hafifu kabisa unayoiona. Tenganisha vile vinavyotoka kitovuni na vile vya kupita tu. Shirika la Kimataifa la Vimondo hupokea hesabu za watu wa kawaida, mradi zimeandikwa kwa utaratibu huo.

Februari 2027 italeta sayari za Mshtarii na Mirihi pamoja katika kundi la Simba, Mshtarii ikiwa kinyume na Jua karibu na tarehe 11 na Mirihi tarehe 19. Kimo chao kutoka Dar es Salaam kitakaribia nyuzi 68. Mirihi itakuwa umbali wa kilomita milioni 101, ambao kwa sayari hiyo si karibu sana, basi usitarajie kuona madoa yake kwa darubini ndogo. Miezi minne inayoizunguka Mshtarii itaonekana hata kwa darubini ya mkononi iliyoegemezwa ukutani.

Alfajiri ya Alhamisi tarehe 6 Mei 2027, na siku moja kabla na baada, ni zamu ya Eta Akwaridi. Hivi ni vimondo vyetu hasa. Ni vumbi la nyotamkia ya Halley, iliyopita mwaka 1986 na itakayorudi mwaka 2061, na kitovu chake kiko juu ya ikweta, katika kundi la Ndoo. Mtazamaji wa Ulaya huviona kwa dakika chache kabla ya kupambazuka; sisi tunapata saa mbili na zaidi, na mwezi utakuwa haupo kabisa. Anza saa 9 usiku ukielekea mashariki, uendelee hadi saa 11 na robo. Kasi yake ni kilomita 66 kwa sekunde na vingi huacha mkia unaong'aa kwa sekunde kadhaa. Tatizo ni masika, kwa hiyo mtu wa pwani afikirie Dodoma au Tabora, ambako mvua kwa kawaida zimekwisha.

Tarehe 2 Agosti 2027 ni tukio la mchana, nalitaja kwa sababu ya macho ya watoto wetu. Jua litapatwa kabisa katika ukanda unaopita Luxor nchini Misri, Jeddah na Makka, hadi ncha ya kaskazini mashariki ya Somalia. Afrika Mashariki tutaona sehemu tu, na palipo na sehemu hakuna sekunde hata moja ya kutazama Jua bila kichujio maalumu. Filamu ya eksirei, kioo cha moshi na ndoo ya maji havilindi jicho.

Mwaka 2028 una kupatwa kwa Mwezi mara mbili kwa saa zinazofaa familia. Alhamisi tarehe 6 Julai kivuli kitaanza kuula baada ya saa 2 usiku, kifike kilele saa 3:19, kiasi cha theluthi moja na zaidi. La kulisubiri zaidi ni lile la Jumapili tarehe 31 Desemba, mkesha wa mwaka mpya: Mwezi utachomoza mashariki wakati wa machweo ukiwa tayari umekatwa karibu nusu, utafunikwa wote saa 1:16 usiku, utabaki mwekundu hadi karibu saa 2:28, na utakuwa huru kabla ya saa 4. Tafuta upeo wa mashariki ulio tupu. Ufukwe wowote wa pwani utafaa. Katika dakika zile za wekundu ndipo nyota hafifu zilizo kando ya Mwezi hurudi kuonekana, basi mwenye darubini asiiweke chini.

Na hatimaye Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029. Jiwe la angani Apophis, lenye upana wa mita 340 hivi, litapita kilomita 32,000 tu kutoka usoni mwa Dunia, karibu kuliko setilaiti za matangazo ya televisheni, bila hatari ya kutugonga. Litaonekana kwa macho matupu, kama nyota ya kawaida inayohama miongoni mwa nyingine, na siku hiyo hiyo ni ya mwezi mwandamo, hivyo giza litakuwa kamili. Kalenda zitaandika saa ya ukaribu kuwa 21:46 UTC, yaani saa 6:46 usiku kwetu. Usiisubiri saa hiyo. Wakati huo jiwe litakuwa juu ya Bahari ya Atlantiki, na kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki litakuwa limeshuka mno magharibi. Linatujia kutoka upande wa Bahari ya Hindi na kuvuka Afrika kabla ya hapo, kwa hiyo toka nje giza linapoingia, uwe na darubini ya 10×50 kwa saa za mwanzo ambapo litakuwa bado hafifu, na uifuatilie njia yake kwenye programu uliyoiwekea mji wako. Chagua nyota mbili zilizo karibu nalo, uchore nafasi zao daftarini, kisha uchore tena baada ya dakika tano.